Mcheza Kwao Hutukanwa

Julai 11, 2021, fainali ya Euro 2020 iliamuliwa kwa matuta katika uwanja wa Wembley, London. Tuta la mwisho la Uingereza alipewa Bukayo Saka, kijana wa miaka 19 mzaliwa wa London hiyohiyo. Kipa Gianluigi Donnarumma akalipangua, Italia ikabeba kombe. Marcus Rashford na Jadon Sancho walikuwa wamekosa kabla yake. Wote watatu ni weusi, na usiku uleule kurasa zao zilijaa emoji za nyani na matusi ya rangi. Siku chache baadaye Saka aliandika kwamba alijua papo hapo ni chuki ya namna gani ingemfikia. Wahenga walituambia mcheza kwao hutuzwa. Saka alicheza kwao, akatukanwa.

Si kwamba hakuna aliyeonya. Kuanzia Aprili 30 hadi Mei 3 mwaka huo, soka ya Uingereza ilisusia mitandao ya kijamii kwa siku nne kupinga matusi. Kususia kukaisha, biashara ikaendelea. Baada ya fainali polisi walibaini machapisho 207 ya kijinai. Akaunti 34 zilikuwa za watu walio Uingereza na 123 za watu walio nje. Hadi Agosti watu 11 walikuwa wamekamatwa. Hapo ndipo ugumu ulipo: tusi huvuka mpaka bila pasipoti, lakini polisi hawezi.

Wapo wanaosema huku ni kukuza mambo. Mchezaji analipwa mamilioni, akiudhika azime simu. Hoja hii ina ladha ya baraza la kahawa, lakini haisimami. Kwanza, wanamichezo wengi hawalipwi kama Saka. Mwanariadha anayeishi kwa wadhamini anahitaji ukurasa wake kama mchuuzi anavyohitaji genge lake: wadhamini huhesabu wafuasi kabla ya kusaini. Kumwambia azime simu ni kumwambia afunge duka kwa sababu mlangoni pamesimama mtu anayemtukana. Pili, matusi hayagawanywi sawa. Shirikisho la Riadha la Dunia lilipochunguza ujumbe uliotumwa kwa wanariadha 161 wakati wa Olimpiki ya Tokyo, asilimia 87 ya matusi yalielekezwa kwa wanawake. Nao hawakulipwa zaidi ya wanaume.

Lakini kuna chanzo kingine ambacho mijadala yetu hukipita haraka, nacho ni mkeka, yaani kubeti. Mwaka 2025 vyombo vinavyosimamia tenisi, WTA na ITF, vilitoa tathmini ya mwaka uliotangulia: machapisho kama 8,000 ya matusi na vitisho, wachezaji 458 waliolengwa, na takriban asilimia 40 ya uchafu huo ulitoka kwa wacheza kamari waliopoteza fedha. Mwaka huohuo, kwenye mbio za Philadelphia, mtu mmoja alimzomea Gabby Thomas, bingwa wa Olimpiki wa mita 200, kisha akajigamba mtandaoni kwamba kelele zake ndizo zilizomfanya Thomas ashindwe, naye akashinda dau lake. Kampuni aliyobetia ilimfungia.

Adhabu ile naiona ya maana kuliko mabango yote ya kupinga chuki. Kampuni ya kubeti inajua jina la mteja, namba yake ya simu na kiasi alichoweka. Anayejificha nyuma ya jina la bandia kwenye mtandao hawezi kujificha kwa anayemlipa ushindi wake. Hapa kwetu Afrika Mashariki, ambako mkeka unatandikwa kwa simu ya mkononi na kuchanika dakika ya 90, wasimamizi wa michezo ya kubahatisha wanaweza kuweka sharti hilo kwenye leseni: atakayethibitika kumtishia mchezaji, akaunti yake ifungwe kote.

Kinga nyingine ni kulizuia tusi kabla halijamfikia mlengwa. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar 2022, FIFA na chama cha wachezaji, FIFPRO, walitumia mfumo wa kuchuja maoni. Machapisho 19,636 yalithibitishwa kuwa ya matusi na kuripotiwa, na zaidi ya watu 300 walitambuliwa. Kwa hiyo uwezo upo. Kinachotakiwa ni utashi wa kuuendeleza hata mashindano yakiisha.

Vipi kuhusu sheria? Hapa nasita. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina yake ya 2018, ambayo wanablogu waliipeleka mahakamani hata vifungu 26 vikasimamishwa kabla ya kurejeshwa mwaka 2020. Hofu yao haikuwa ya bure: kifungu kilichoandikwa kwa maneno mapana leo kinamkamata mtukanaji, kesho kinamkamata mkosoaji. Shabiki ana haki ya kusema winga kachoka, kocha hajui kupanga kikosi, beki auzwe. Hana haki ya kumwita mtu nyani, kumtishia kifo au kumwandama mwanawe. Mpaka huo uandikwe waziwazi, na usiguse zaidi ya hapo.

AFCON 2027 itachezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Vijana wetu watapiga penalti mbele ya mama zao, na mmoja wao atakosa. Mashirikisho ya nchi hizi tatu yaandae kichujio, mtu wa kupokea malalamiko na makubaliano na kampuni za kubeti sasa, yasisubiri machozi ndipo yatoe taarifa ya kulaani. Nawe msomaji, siku hiyo ukishika simu kwa hasira, kumbuka: mkeka ukichanika, aliyeusuka ni wewe.