Mwanamke Anatorokaje? Tumuulize Bibi Salme

Mwenzenu niko Mbweni, hii ya Dar, siyo ile ya Unguja. Leo sizungumzii madira wala bei za vitambaa, japo kazi za watu zimejaa mezani. Kuna neno limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita.

Mtoto wa dada yangu, ana miaka 14, alikuja kwangu likizo. Kutwa yuko kwenye kochi na gemu lake, mimi niko kwenye cherehani. Ndani ya gemu hilo kuna himaya ya kubuni yenye sheria kali kupita kiasi, na kuna kikosi cha wanawake waliotoroka humo. Yeye hataki kuamini. "Ma'mdogo, hebu fikiria. Mtu kazaliwa humo, kafundishwa tangu mdogo, hajui kwengine. Mwanamke anatorokaje?"

Nikasimamisha cherehani. Nikamwambia, mambo ya majini na panga za moto siyajui, lakini mwanamke aliyetoroka namjua. Alizaliwa Mtoni, pale kwenye magofu unapopita ukienda Bububu.

Ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844. Kama kuna nyumba iliyokuwa na taratibu kali, ni ile. Mabinti wa kifalme walifundishwa kusoma Kur'ani, lakini kuandika hapana. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15, kaka yake Barghash alitaka kumpindua kaka yao Majid, na Salme ndiye aliyewaandikia barua zao. Mpango ukavunjika, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki Unguja, nusu ya ndugu zake wamemnunia.

Baadaye alihamia Mji Mkongwe, jirani na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Wakapendana, akapata mimba. Sote tunajua maana yake kwa binti wa sultani. Agosti 1866, usiku wa Siku ya Mwaka, wanawake walipokuwa wakienda kuoga baharini, naye alikwenda. Boti ikamchukua hadi kwenye manowari ya Kiingereza, Highflyer, ikampeleka Aden. Aliyemsaidia kupanga safari alikuwa mke wa kaimu balozi wa Uingereza. Mei 1867 alibatizwa hukohuko Aden kwa jina la Emily, akaolewa, wakaenda Hamburg.

Kijana akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa shujaa, alichukia kwao." Hapo ndipo nikaona kuwa hao watunga magemu, na sisi watu wazima pia, tunakosea pale pale.

Kwanza, hakuondoka kwa kuwa alikuwa mtu wa nje. Alikuwa wa ndani kabisa. Hata kalamu aliipata kupitia Msahafu wa nyumbani kwao. Pili, hakuamka siku moja akaamua kuipinga dunia nzima. Alibanwa na jambo moja, siku zikihesabika, na mlango mmoja ukawa wazi. Tatu, hakuacha kupapenda kwao. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu wadogo kwenye baridi ya ugenini, akifundisha Kiarabu apate riziki. Mwaka 1886 alipochapisha kitabu cha maisha yake, aliwatetea wanawake wa kwao mbele ya Wazungu, akitetea hata yasiyoteteka, utumwa ukiwemo. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg, na inaelezwa kuwa alizikwa na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza. Mtu anayechukia kwao hatunzi mchanga.

Sitaki nieleweke vibaya. Mimi ni Muislamu, na kutoka kwake katika dini kunaniuma. Simpigii makofi. Lakini kuna sehemu ya kisa hiki inayoniuma zaidi.

Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja. Sultani wakati huo alikuwa Barghash, yule yule aliyemwandikia barua akiwa msichana. Barghash akakataa kumpokea. Nisimwonee, naye alikuwa na hofu yake: dada yake amekuja na meli za Wajerumani, na Wajerumani walikuwa wanautaka mwambao wetu. Bismarck alimtumia Salme kama fimbo ya kumtishia kaka yake. Alirudi tena mwaka 1888, hakupata urithi aliodai wala hakupata udugu. Mimi naona hivi: mlango wa ndugu ukifungwa, anayeufungua ni mgeni, na mgeni hafungui bure.

Sasa niseme lililonifanya nisimamishe cherehani. Huyo mtoto ana mama mdogo mwengine ambaye hajapata kumwona. Ni mdogo wetu wa mwisho. Miaka 11 iliyopita alipanda boti ya asubuhi na begi moja, akaenda Mwanza na mwanamme asiye wa dini yetu. Nyumbani jina lake halitajwi. Kila Idi hupiga simu, na mama huiangalia ikilia mpaka ikate. Mimi nami, nakiri mbele yenu, nilikuwa sipokei. Niliona kupokea ni kukubali alichofanya.

Lakini dini niliyodhani naitetea imesema nini? Bibi Asma binti Abubakar mama yake alikuja kumtembelea akiwa bado mshirikina. Asma akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amuunge mama yake. Akaambiwa amuunge. Na kukata udugu ni katika yale tuliyoonywa vikali. Kumuunga ndugu hakusemi kuwa alilofanya ni sawa. Kunasema bado ni ndugu.

Basi rai yangu ni hii. Mwanamke akiondoka nyumbani kwenu, msiulize tu "kaharibiwa na nani?" Ulizeni alibanwa na nini, na kwa nini hakuona wa kumwambia ndani ya nyumba. Na akipiga simu, pokeeni. Hamlazimiki kupeleka zawadi ya harusi. Salamu tu inatosha kuanzia.

Mimi nilipiga juzi usiku, baada ya mtoto kulala. Iliita mara mbili tu. Hatukusema mengi. Aliniuliza kama mama bado anaumwa magoti, na kama karafuu za uani zimechanua. Kisha akaomba nimshonee dira moja. Nilipotaka vipimo akasema, "Si unavijua." Nikamwambia miaka 11 ni mingi dada, nipe vipya.

Mama sijamwambia. Nitavuka Ijumaa, In shaa Allah. Niombeeni dua.