Bahari si ya pomboo, ni ya bakteria

Kila msee akifika Diani anaposti pomboo na kasa, halafu anaandika "tuokoe bahari". Sawa. Lakini wenye kuiendesha hiyo bahari huwezi kuwaona.

Mililita moja ya maji ya bahari hubeba bakteria karibu milioni moja. Uchafu wa viumbe ukishayeyuka majini, samaki hawezi kuula. Bakteria wanaula. Wao wanaliwa na vijidudu vya seli moja, navyo vinaliwa na jamaa za kamba wadogo kama punje ya mchele, kisha samaki anawala hao. Farooq Azam na wenzake waliueleza mzunguko huu 1983. Bila huo, chakula kingi kingepotea tu.

Sasa sisi tunamwaga maji taka kwa mkono wa bahari pale Tudor, Mombasa. Bakteria wanashiba kupita kiasi, wanazaana, wanamaliza oksijeni. Samaki anakosa pumzi.

Kuokota chupa ufuoni ni poa, inatoa picha safi. Ila 2027 wakija kuomba kura, usiitishe fulana. Uliza: maji ya choo yanaishia wapi?