TAHARIRI: BIMA YA MAFURIKO, TUULIZE KABLA YA KUTIA SAHIHI



Katika Mkutano Mkuu ujao tutaulizwa jambo moja kubwa: je, tukubali makato kwenye kila kilo ya ufuta ili chama kilipe ada ya bima ya mashamba ya bondeni? Wapo waliokwisha kusema ndiyo hata kabla ya kusikia masharti. Wapo pia wanaosema eti bima ni ulaji tu wa watu wa mjini. Wote hao wanakosea. Bima ni kitu cha maana, lakini ni mkataba, na mkataba husomwa kwanza.

Tukumbuke tunaishi wapi. Sisi ni watu wa Mto Rufiji. Maji yanayotufurikia hapa mengi hayakunyesha hapa. Yanatoka Ruaha Mkuu, yanatoka Kilombero, yanatoka Luwegu. Mvua inapigwa Mbeya, Iringa, Morogoro na Ruvuma, na sisi huku jua linawaka, kumbe bondeni maji yanapanda. Mtoto wa hapa analijua hilo. Mtu wa bima aliye mbali huenda halijui.

Tena mto huu ndio unaotulisha. Maji yakipanda kwa kiasi na kushuka kwa wakati wake, yanaacha rutuba na unyevu, nasi tunapanda mlau. Mwaka ambao mto haukupanda kabisa, nao ni mwaka wa njaa. Kwa hiyo asije mtu akatuambia tuhame bonde, yaishe. Mwaka 1968 maji yalikuwa makubwa mno, na Serikali ikawahamishia watu wa bondeni kwenye vijiji vya mwinuko, wengi upande wa kaskazini wa mto. Wazee wetu walihama nyumba, hawakuhama mashamba. Walirudi kulima, wakalala kwenye madungu kulinda mpunga usiliwe na wanyama.

Maji makubwa yakarudi 1974. Yakarudi 1998, mwaka wa El Niño. Yakarudi 2020. Mwezi wa Aprili 2024 yakafurika tena Rufiji na Kibiti, na wenzetu wa Muhoro wanajua walichopoteza. Safari hiyo kulikuwa na jambo jipya. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lilikuwa limejaa, na maji yakabidi yafunguliwe. Bwawa lile huweka zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, na linaweza kuyazuia mafuriko mengi madogo. Lakini likishajaa, maji yanayoingia lazima yapate pa kutokea. Kwa hiyo kujua mapema lini milango inafunguliwa, kwetu ni jambo la uhai.

Sasa tuje kwenye bima yenyewe. Mwaka 2023 kampuni kadhaa za bima nchini ziliungana kutoa bima ya kilimo, katika umoja unaoitwa kwa kifupi TAIC. Hiyo ni hatua njema. Lakini zipo bima za namna nyingi. Ipo ile ya mkaguzi kuja kuona shamba lililoharibika. Ipo pia ile inayolipa kwa kipimo: mvua ikizidi au ikipungua kiasi kilichoandikwa, fidia inatoka, hata bila mtu kukanyaga shambani. Hii ya pili ni nafuu. Hatari yake kwetu ni hii: ikiwa kipimo ni mvua ya hapa, na mafuriko yametoka Kilombero, kipimo kitasema mvua ilikuwa ya kawaida. Shamba limezama, na fidia hakuna! Wala hatutakuwa tumedhulumiwa, maana tulitia sahihi wenyewe.

Jambo jingine ni hesabu. Tuchukue mfano tu. Shamba lina mpunga wa shilingi 500,000, na mafuriko yanalifagia mara moja kila miaka mitano. Mwenye bima, ili asipate hasara, lazima akutoze walau shilingi 100,000 kila mwaka, na bado hajalipa wafanyakazi wake. Nani kati yetu ataiweza ada hiyo? Ndiyo kusema bima haifai kwa maji yanayokuja kila mara. Inafaa kwa yale makubwa ya nadra, yanayofagia kijiji kizima. Yale ya kila mara tuyakabili wenyewe.

Kwa hiyo sisi tunaoandika gazeti hili la ukutani tunashauri hivi. Mkutano usikubali makato mpaka wakala ajibu mbele ya watu wote, na majibu yaandikwe:

1. Je, mkataba unataja mafuriko ya mto, na maji yaliyofunguliwa bwawani, au mvua tu?
2. Kipimo ni nini, kinapimwa wapi, na nani atatusomea matokeo?
3. Fidia italipwa baada ya siku ngapi? Fedha ikija baada ya msimu wa mlau kupita, itatusaidia nini?
4. Je, kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA)?

Akijibu vizuri, tukate bima, tena mapema, kabla ya msimu. Ukiisha kuyaona maji, hakuna atakayekuuzia bima.

Nasi tuwe na kazi zetu. Mbegu za chama zitolewe kwenye ghala la chini, zipelekwe mwinuko. Mwaka 2024 tuliziona zikiota ndani ya magunia, na aibu ile ilikuwa yetu, si ya mtu mwingine. Kila mwaka alama ya maji ichongwe kwenye nguzo, na katibu aandike daftarini tarehe ya kupanda na ya kushuka. Wazee wenye kumbukumbu ya 1968 wamebaki wachache. Wakiondoka kabla hatujaandika, tutakwenda kwa watu wa bima mikono mitupu, nao watapanga bei kama wanavyotaka. Mwisho, tuchague vijana wawili wa kupokea taarifa za bwawa na kupiga mbiu usiku au mchana. Bima hulipa mpunga, hailipi mtoto.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Njooni mkutanoni, kina mama msikose, maana ninyi ndio mnaolima sehemu kubwa ya bonde. Tusome, tuulize, kisha ndipo tunyoshe mikono.