Kayaki si starehe ya watalii peke yake

Vijana wenzetu, sisi ni wa Kyangwali.

Tunataka kusema jambo ambalo wengine watalicheka. Kati ya kazi ambazo kijana mkimbizi anaweza kujifunza hapa Uganda, ualimu wa kayaki uwemo. Ndiyo, kayaki: kale kamtumbwi kembamba ka mtu mmoja ambako watalii wanashuka nako Mto Nile kule Jinja.

Tunajua kwa nini mtu atacheka, au atakasirika. Wengi wetu tulitoka Ituri tukavuka Ziwa Albert mwaka 2018, tumebanana kwenye mashua, bila jaketi la kujiokolea hata moja. Kabla ya hapo, Machi 2014, mashua iliyobeba ndugu zetu waliokuwa wanarudi Kongo kutoka kambi hii hii ilizama katika ziwa hilo hilo. Walikufa watu zaidi ya 100, wengi wao watoto. Kwetu sisi maji ni msiba. Tulipoenda kwa mama mmoja kumwomba ruhusa binti yake ajifunze kuogelea, alitujibu: "Bana wangu, mayi ilikula ndugu yangu. Leo munataka niwape na batoto?"

Hatukubishana naye. Lakini tunauliza: tukiendelea kuyaogopa tu, maji yataacha kutuua?

Watatu kati yetu walipata kibarua Jinja, kubeba vyombo vya watalii. Jioni kazi ikiisha, wakaruhusiwa kujaribu kwenye maji yaliyotulia. Wakapenda, tena kupenda kweli. Wanasema somo la kwanza si kupiga kafi, ni kupinduka. Unageuzwa kichwa chini, miguu iko ndani, unavuta ile sketi inayoziba tundu la kukalia, unasukuma chombo, unatoka. Unarudia, unarudia, hadi moyo utulie. Kujigeuza ukarudi juu bila kutoka chomboni kunakuja baadaye sana. Leo mmoja wao anasaidia kufundisha wanaoanza.

Hapo ndipo tulipoelewa kitu. Mwanafunzi anayetetemeka hahitaji mtu wa kumwonyesha misuli. Anahitaji mtu anayeijua hofu ile, anayeweza kumshika mkono na kumwambia, "Pumua kwanza, hatuna haraka." Hofu hiyo nani anaijua kuliko sisi?

Wala si ndoto. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, timu ya wakimbizi ilikuwa na wapiga kafi, akiwemo Saman Soltani kutoka Iran na Fernando Dayan Jorge Enriquez kutoka Cuba. Sisi hatuombi Olimpiki. Tunaomba kazi.

Wengine watasema: posho imepunguzwa, watu wana njaa, nyinyi mnaongea michezo? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, lakini mafunzo tunayoletewa ni yale yale: cherehani, saluni, sabuni. Hatuyadharau, yamelisha watu. Ila mafundi wakijaa kwenye kijiji kimoja, wateja watatoka wapi? Jinja wageni wanakuja kwa ajili ya mto, na mto unahitaji walimu.

Tena hata mtalii asipokuja, ujuzi haupotei. Mwalimu wa kayaki lazima ajue kuogelea, kusoma mkondo, kumrushia mtu kamba, na kumsaidia aliyezama apumue tena. Watu wa namna hiyo ziwani kwetu ni wangapi?

Hatusemi mtu aende kujirusha ziwani kesho. Kuna mamba, kuna viboko, kuna kichocho. Kayaki yenyewe ni ghali, hakuna kati yetu anayeweza kuinunua. Ndiyo maana tunaomba mambo haya.

Mashirika: wekeni kuogelea na uokoaji wa majini kwenye orodha ya mafunzo ya ufundi, pamoja na vyeti vinavyotambulika. Kijana bila cheti atabeba vyombo maisha yake yote.

Wenye kampuni za utalii: mkiwa na kibarua anayejua maji, mpeni nafasi ya kufundishwa kazi yenyewe.

Wazazi: njooni mtazame kabla ya kukataa. Mkiona jaketi halitoshi au mwalimu hayupo, mrudisheni mtoto nyumbani, tutawaheshimu.

Na nyie vijana, msingoje kayaki ndiyo muanze. Anayetaka kujifunza kuogelea na huduma ya kwanza ajiandikishe kwa viongozi wa kikundi. Wasichana pia, jamani. Hadi leo kwenye daftari kuna majina yenu mawili tu.