Mwalimu Asiyeandika Hafundishi Kuandika

Yamejengeka mazoea mabaya katika ufundishaji wa insha. Mwalimu huitwa kwenye semina, akaonyeshwa namna ya kujaza andalio la somo na kugawa alama za utangulizi, kiini na hitimisho. Kisha hurudi shuleni akiwa hajaandika hata aya moja iliyo yake mwenyewe. Jambo hili tumelizoea kuliita mafunzo. Sisi twalikataa jina hilo. Seremala hafundwi kwa kusomewa orodha ya randa na misumeno.

Na tutazame Karatu na Ngorongoro. Watoto wengi wa Karatu huingia shule na Kiiraqw kinywani. Wa nyanda za Ngorongoro huja na Kimaasai. Na kandokando ya Ziwa Eyasi wapo wasemao Kidatoga na Kihadza. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kimaasai na Kidatoga ni za Kinailo, na Kihadza hakijathibitika kuwa na ndugu yeyote. Kwa watoto hao Kiswahili ni lugha ya pili, na Kiingereza cha sekondari ni ya tatu. Mwalimu wao anahitaji kujua jinsi wazo linavyovuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kufia njiani. Ujuzi huo haumo katika andalio la somo. Huupata yule aliyeteseka na sentensi zake mwenyewe.

Mwalimu asiyeupata hukimbilia yaliyokaririwa. Humpa mtoto wa Endulen insha ya safari ya meli, na methali mbili za kufungulia. Mtoto huyo anayajua malisho na ukame. Mwenzake wa Mang'ola anaijua bei ya vitunguu. Wa Karatu amewasikia wazee wakitoa slufay, ile dua ya kishairi ya Wairaqw. Hakuna aliyemwambia kuwa mambo hayo yanastahili wino.

Wengine wameyaandika. Mwaka 1959, mwaka ilipoanzishwa Hifadhi ya Ngorongoro, Mary Leakey aligundua fuvu la kale katika bonde la Olduvai. Mwaka huo huo Bernhard Grzimek alichapisha kwa Kijerumani kitabu chake juu ya Serengeti. Mwaka 1978 zikafukuliwa nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Elimu hiyo twaiheshimu. Lakini nyayo zile zilihifadhiwa na majivu ya volkeno. Maneno ya watu hayana majivu ya kuyahifadhi. Yasipoandikwa, hupotea na wazee wake.

Wapo watakaosema kuwa mwalimu amelemewa na vipindi, madaftari na mitihani. Ni kweli. Ndiyo sababu hatudai hoteli wala posho. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, maelfu ya walimu walifundwa vijijini huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, lakini ulionyesha kuwa mafunzo yanaweza kumfuata mwalimu alipo. Leo tunao mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaowakutanisha walimu shuleni mwao. Chombo kipo; swali ni kitabeba nini.

Twataka kibebe maandishi ya walimu wenyewe. Kila mwalimu wa insha na aandike kwanza zoezi atakalowapa wanafunzi, alisome mbele ya wenzake, nao wamwonyeshe palipofifia. Wa Kiswahili, wa Kiingereza na wa historia na waketi pamoja. Mzee wa kijiji na aalikwe kusahihisha jina la mto au la mti. Saa moja kila juma yatosha kuanza.

Walimu, msingoje waraka. Shikeni kalamu leo, wanafunzi wawaone mkifuta na kuandika upya. Hapo watajua kwamba kuandika ni kazi ya watu kama wao.