Neno la Mhariri: Kwenye Kwapa la Jani

Alasiri moja ya mwezi wa Aprili mvua ya mawe ilitukuta Kabianga, mimi na kogo (bibi) mmoja wa jirani, tukajibanza chini ya bati la kituo cha kununulia majani. Haikudumu hata robo saa, lakini bati lilipiga kelele hadi tukawa tunasemezana kwa macho. Ilipokatika tukavuka barabara kwenda shambani kwake. Asubuhi ile michai yake ilikuwa imekaa sawasawa kama meza iliyotandikwa. Sasa majani yalikuwa yamechanika, vichipukizi vimelala chini katikati ya mawe meupe, na harufu ya chai mbichi iliyopondwa ilikuwa imetanda kana kwamba tumesimama ndani ya kiwanda.

Nikamwambia, "Pole, kogo."

Hakunijibu papo hapo. Aliinama, akakunja tawi moja lililopigwa, akanisogezea karibu na macho. Pale jani linapoungana na tawi, kwenye kwapa lake, palikuwa na kitone cha kijani kidogo kuliko punje ya mtama. "Mwanangu, mawe hayakufika hapa," akasema. "Tulipe wiki chache." Kisha akasema, "Kongoi," yaani asante, na nilijua si mimi niliyeshukuriwa.

Toleo hili linahusu uaminifu wa Mungu, na nimeanza na tawi lile kwa sababu ndilo lililonifundisha kuuliza swali vizuri. Wengi wetu tumezoea kuuliza hivi: kama Mungu ni mwaminifu, mbona mawe? Kogo hakuyakana mawe. Yalikuwa miguuni pake, yamemharibia pato la mwezi. Alichofanya ni kutafuta mahali ambapo mawe hayafiki.

Nyanda hizi za Kericho na Nandi zinatajwa na wataalamu wa hali ya hewa miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi kwa mwaka. Unyevu wa Ziwa Viktoria hupanda huku juu, hukutana na hewa baridi ya milima, na jioni wingu hupasuka. Lakini unyevu huohuo ndio unaotupa mvua karibu mwaka mzima, na bila mvua hiyo pasingekuwa na shina moja la chai kuanzia hapa hadi Bomet. Sisemi kwamba mawe ni mema. Nasema kwamba mtu anayeishi Kabianga hawezi kuwa na imani inayodumu siku za jua tu, kwa kuwa siku za jua peke yake hazikuzi chai.

Na mawe ya siku hizi hayatoki mawinguni tu. Malipo ya pili ya mwaka wa 2025, ambayo sote tunayaita bonasi, yaliwaacha wakulima wengi wa Kericho na Bomet na kitu kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na kidogo mno ukilinganisha na wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Chai yetu huuzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa dola. Bei ikishuka kule, na shilingi ikiwa na nguvu mbele ya dola, mkulima anapungukiwa mara mbili bila kugusa jembe. Tulishuhudia maandamano, na tuliwasikia wazee wakisema wataing'oa michai wapande kitu kingine. Makanisani nako yakaanza maneno mawili, na yote mawili ndiyo yaliyotusukuma kuandaa toleo hili.

Neno la kwanza ni la aliyekata tamaa: Mungu ametusahau. Neno la pili ni la mhubiri anayesema kwamba bonasi imekuwa ndogo kwa sababu sadaka ilikuwa ndogo, basi panda mbegu kubwa zaidi uvune mara mia. Maneno haya yanaonekana kama adui, lakini kwangu ni mapacha. Yote mawili yanampima Mungu kwa karatasi ya malipo. Mmoja ameisoma karatasi akaondoka; mwingine anatuahidi kwamba mwakani itasomeka vizuri. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeinama kutazama kwapa la jani.

Lugha yetu ya Kiswahili ingeweza kutuokoa hapa, kama tungeisikiliza. Imani, uaminifu, amana na amina ni maneno ya tumbo moja. Tuliyapokea kupitia Kiarabu, lakini ukoo wake unafika hadi Kiebrania cha manabii, na mzizi wake una maana ya kitu kilicho imara, kisichoyumba, kinachoweza kuegemewa. Lipo jambo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17, ambalo tafsiri nyingi hulipita haraka. Israeli wanapigana na Amaleki, Musa ameinua mikono kilimani, na mikono inachoka. Haruni na Huri wanamkalisha juu ya jiwe, mmoja huku na mmoja kule, wanaishikilia mikono ile hadi jua linatua. Neno la Kiebrania linaloeleza jinsi mikono ilivyotulia ni lilelile ambalo kwingine katika Maandiko tunalitafsiri kuwa uaminifu. Kumbe uaminifu, kabla haujawa fundisho, ulikuwa ni mikono isiyoshuka mpaka jioni.

Yeyote aliyewahi kuchuma chai analielewa neno hilo kuliko profesa. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, tangu umande hadi saa ya kupima, na siku ya zamu ikirudi unaanza tena. Hakuna tendo moja katika hayo linaloweza kuitwa muujiza. Hata hivyo nyumba zimejengwa na watoto wamesomeshwa kwa tendo hilo dogo lisiloachwa. Nadhani uaminifu wa Mungu hutupita machoni kwa sababu hiyohiyo. Tunautafuta kwenye jambo la ghafla, nao unapita kwenye jambo linalorudi kila asubuhi.

Wazee wetu wa Kipsigis walikuwa na fununu ya hilo. Walimwita Mungu Asis, jina lisilo mbali na jina la jua, na waliomba wakielekea mawio. Mahali pa ibada juu ya kilima paliitwa kapkoros, jina ambalo leo limebandikwa kwenye kiwanda cha chai huko Bomet, na malori ya majani huingia na kutoka chini yake pasipo mtu kukumbuka. Injili ilipofika, na Willis Hotchkiss alipoanza kazi upande wa Kericho mnamo 1905, haikuwakuta watu wasiojua kwamba kuna mmoja anayerudi kila alfajiri. Iliwakuta watu wanaongoja kuambiwa jina lake na uso wake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko karibu, mwendo wa kwenda Bomet. Miaka ya 1930 wamisionari walianzisha kituo Tenwek, na huduma ya wagonjwa ikaanza kwa udogo, mikononi mwa wauguzi wasio na daktari. Daktari wa kudumu, Ernie Steury, alifika mwaka 1959. Hesabu miaka hiyo: aliyeanza kuomba daktari akiwa na mtoto mgongoni aliona jibu akiwa na wajukuu. Kwa miaka mingi Steury alikuwa daktari peke yake. Katika miaka ya 1980 maji ya mto Nyangores, ambayo yalikuwa yakiporomoka palepale bila kutumiwa, yakafungiwa mtambo na kuwasha taa za chumba cha upasuaji. Leo Tenwek ni hospitali ya rufaa, na madaktari wa upasuaji wanafundishwa hapo. Ukiutazama mwaka wowote mmoja katika hiyo, huoni uaminifu, unaona upungufu. Ukiitazama yote kwa pamoja, unaona mikono isiyoshuka.

Najua mahali ambapo msomaji atanisimamisha. Mwaka 1934 watu wa ukoo wa Talai walihamishwa kwa nguvu kutoka nchi hii na kupelekwa Gwassi, na familia nyingi za Kipsigis ziliondolewa kwenye ardhi ambayo sasa ni mashamba makubwa ya chai. Wapo wazee waliokufa wakingoja. Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho, kwa sababu vijana waliona mkono wa chuma ukichukua kazi ya mama zao. Je, kwa watu hawa nitasema nini? Niseme wavumilie, Mungu ni mwaminifu?

Nikisema hivyo peke yake, nitakuwa nimelitumia jina la Mungu kufunga mdomo wa aliyeonewa. Biblia haifanyi hivyo. Kauli maarufu ya rehema zinazorudi mpya kila asubuhi imo katika Maombolezo, sura ya 3, kitabu kinacholilia Yerusalemu ulioteketezwa na Wababeli. Kabla ya kufika hapo, sura hiyo imelalamika kwa mistari 20 mfululizo, na baada ya hapo kilio kinaanza upya hadi mwisho wa kitabu. Aliyeandika hakuacha kulia ili aamini, wala hakuacha kuamini ili alie. Habakuki naye, kabla ya kufurahi mbele ya shamba lisilozaa na zizi lisilo na mifugo, alianza kwa kumuuliza Mungu ataachilia dhuluma hadi lini. Kumlalamikia Mungu ni kazi ya mtu anayeamini kwamba yuko anayesikia na ambaye neno lake linaweza kudaiwa. Mtu hamdai asiye mwaminifu, humwacha akaenda zake.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kuutegemea uaminifu wa Mungu si kutabiri kwamba mambo yatakuwa mazuri. Ni kumtegemea yeye aliye imara wakati mambo hayako imara, na kisha sisi wenyewe kuwa imara kwa wenzetu. Hapo ndipo neno la tatu la ukoo ule, amana, linapotudai. Amana ni mali ya mwenzako iliyo mikononi mwako. Anayesema amina Jumapili amepokea amana ya Jumatatu. Mzee wa kanisa aliye kwenye bodi ya kiwanda ana amana ya maelfu ya wakulima. Karani wa mizani ana amana. Mweka hazina wa chama cha akina mama ana amana. Jirani yako asipoweza kuona uaminifu wa Mungu kwa kutazama mbingu, anapaswa kuuona kwa kutazama kitabu chako cha mahesabu. Haruni na Huri hawakumwambia Musa awe na imani. Walishika mikono yake.

Nakumbuka mwaka ambao bonasi ya baba ilikuja ndogo na mimi nikarudishwa nyumbani kwa karo. Niliomba kwa siku nyingi, na hakuna pesa iliyoanguka kutoka popote. Muhula ulipokaribia nusu, majirani wanne walikuja usiku. Kila mmoja alikuwa amekopa kwa majani yake ya mwezi uliofuata. Hawakuhubiri. Walikunywa maziwa ya mursik, wakaweka pesa mezani, wakaenda. Kwa muda mrefu niliisimulia habari hiyo kama siku ambayo Mungu alichelewa, na watu wakamfanyia kazi yake. Nimeishi vya kutosha kuona kwamba nilikosea. Ile mikono ya wale wanne ndiyo iliyokuwa jibu, na kabla yake Mungu alikuwa ameitunza mioyo ya watu wale kwa miaka mingi ili siku ile isiwe migumu.

Katika kurasa zinazofuata utamkuta mchungaji mstaafu akieleza jinsi ya kuwazika watu waliokufa wakingoja haki bila kuwadanganya waliobaki. Utamkuta mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga akiuliza kama imani ina neno kwa kijana mwenye shahada na asiye na kazi. Mkulima wa Litein anaeleza kupogoa: jinsi unavyoukata mchai hadi ubaki kisiki, ukakosa pato kwa miezi, na kwa nini anayeogopa kisu huishia na shamba la miti mirefu isiyochumika. Hatujapanga maandiko haya yakubaliane. Tumeomba kila mwandishi aseme alichokiona kweli, na tunakuomba usome kwa namna hiyohiyo.

Nilirudi kwa kogo wiki kama sita baada ya mawe yale. Nilimkuta kituoni, amemwaga majani yake juu ya meza kabla ya kupima. Karani alikuwa bado anahudumia foleni, wala hakuna aliyekuwa akimtazama. Alikuwa akichambua: jani gumu kando, kijiti kando, na yale majani mawili na kichipukizi akiyarudisha kwenye gunia kwa viganja vyote viwili. Lile rundo la kando lilikuwa na uzito wake, na uzito ni pesa. Nikamuuliza kwa nini asingoje karani aseme. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Mwanangu," akasema, "yeye hakunipunja."