Muto ukichafuka, tupande juu



Wengi tunazoea kusema: «Huku mvua hainyeshe, muto hauwezi kujaa.» Hapana! Mvua ikinyesha kule mulimani, maji inatufikia kisha, hata kama jua linawaka kwetu.

Na maji ya mulimani iko na nguvu. Mukumbuke Kalehe, katika Kivu ya Kusini: tarehe 4 mwezi wa 5, 2023, mito ilishuka na matope na mawe ju ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Basi, ninyi munaosafisha mawe ao nguo mutoni, muangalie: maji ikigeuka matope gafula, ikileta matawi, ao ikinguruma kule juu, mupande mbio. Musirudilie beseni wala mifuko. Mufuko utapatikana tena, mtoto hapana.

Musivuke. Maji ya mbio, hata ikifika kwenye magoti tu, inaangusha mutu mukubwa. Na mashimo ya wachimbaji hayaonekani chini ya matope.

Wenye kukaa karibu na muto, mupatane nyumbani leo, mbele ya usiku: tutakimbilia wapi, na nani atabeba mudogo?